Jimbo Ambalo Bado Linahesabu

Siku Masika alipomwona Hugues kwa mara ya kwanza, Hugues alikuwa ameizuia foleni nzima kwa ajili ya wakulima wa mahindi.

Ilikuwa Januari, mwaka 2008, katikati ya jiji la Johannesburg, ndani ya duka la jumla la nywele. Watu walibeba mafungu ya rasta kwapani kama wanaotoka kuokota kuni, watoto walilia, na feni ya darini ilizunguka kwa uvivu wa mtumishi ambaye hajalipwa. Mbele ya kaunta alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi likanyooka, viatu vya ncha, shingo ikinukia spiriti ya kinyozi. Mkononi alishika mashine mpya ya kunyolea. Alikuwa ameshalipa, ila haondoki, kwa maana alikuwa hajammaliza mlinzi wa mlangoni.

"Iowa," alikuwa akisema. "Wazungu watupu. Mahindi na nguruwe, basi. Na wamempa kura Obama, mtu mweusi. Unaelewa maana yake?"

"Hiyo ni ndani ya chama chake," mlinzi akajibu. "Ngoja Novemba. Ngoja afike kule Kusini walikowafunga watu minyororo."

"Kaka," Masika akasema kutoka nyuma, "hao wakulima wako wananichelewesha. Nimemwacha mteja saluni, kule mtaa wa La Rochelle, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama shamba lililokimbiwa."

Kijana akageuka. Akaona sketi ya kitenge cha manjano yenye ndege weusi, blauzi ya kijani, na macho yasiyokuwa na mchezo.

"Samahani, dada. Naitwa Hugues. Niambie moja tu kisha nikupishe. Wewe unaonaje, watampa urais?"

"Kwetu Kongo, kule Butembo, tulipopiga kura, wino ulidumu kidoleni kuliko ahadi. Nipishe."

"Na nisipokupisha?"

"Nitakutegea kitendawili. Ukishindwa utanipa mji, na nafasi yako juu yake."

Huo ulikuwa mchezo wa saluni. Zubeda, mwanamke wa Tanga mwenye saluni aliyofanyia kazi Masika, alikuwa amewazoesha wasusi wake wote: anayeshindwa hutoa mji, na aliyetega huutawala mpaka atosheke.

"Tega," Hugues akasema.

"Anaingia peke yake, anatoka peke yake. Kila mtu anajua alichofanya, na hakuna ajuaye alichofanya."

Hugues akafikiri. Foleni nzima ikafikiri naye.

"Mwizi."

"Mwizi hujulikana na mbwa. Ni mpiga kura, mheshimiwa. Unahesabu kura za watu usiowajua, na hilo limekushinda. Nipe mji."

"Nakupa Iowa."

"Iowa ni mji?"

"Ni jimbo zima. Mimi si mchoyo."

"Haya. Nimefika Iowa, nimekalia kiti cha enzi, nimekula mahindi yao ya kuchoma, wenyeji wamenishangilia. Kasoro ni moja tu. Kuna kinyozi amezuia njia."

Foleni ikacheka. Hugues akampisha, kisha akamsubiri nje, akambebea mzigo wake mpaka kwenye taa za barabarani za pili, wanazoziita robot, na kabla taa haijawa ya kijani alikuwa ameshaomba namba ya simu na kupewa.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Hugues alikuwa na kiti chake cha kunyolea Alexandra, kitongoji cha kaskazini ya jiji, chini ya turubai, na Masika alikuwa kusini ya jiji. Aliyeishiwa vocha alituma ule ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe, na mara nyingi jumbe mbili zilipishana njiani, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Umekula, malkia wa Iowa?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula maneno. South Carolina nayo imempa."

"South Carolina haijawahi kuninunulia hata soda. Jumapili unanipeleka wapi?"

"Popote unapotaka, mpenzi. Hata Ohio."

"Nipeleke kwanza kula kuku. Ohio itangoja. Na ujinyoe hiyo shingo."

"Kinyozi hajinyoi."

"Basi mwambie kinyozi aje, nitamnyoa mimi."

Kisha ikaja Mei. Walioishi Johannesburg mwaka ule hawahitaji kusimuliwa, na ambao hawakuwepo inatosha wajue kwamba huko Alexandra watu waliwageukia majirani zao kwa sababu walitoka nchi nyingine. Masika na Zubeda walimkuta Hugues uani mwa kituo cha polisi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati jeupe limegeuka rangi ya udongo. Mashine ya kunyolea ilikuwa mfukoni mwake. Kiti, kioo na turubai vilikuwa vimekwisha.

"Aliyekivunja kiti nilimnyoa Ijumaa," alisema. "Alinipa mkono. Akaniambia sharp, brother, tutaonana."

Zubeda alimpa pembe ya saluni yake, yenye kioo kimoja na kiti cha plastiki, na chumba cha kupanga akamtafutia mtaa wa pili.

Lakini Hugues wa La Rochelle hakuwa yule wa dukani. Kando ya kioo alibandika ramani ya Marekani aliyoikata gazetini, na kila jioni aliifuata na kalamu nyeusi, akiyafuta majimbo aliyoamini yatamnyima Obama kura. Kusini yote aliichora mistari, Alabama, Mississippi, Georgia, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaanza kupanda juu, kwenye majimbo ya viwanda na maziwa makubwa.

"Huko wanasema watampa," mteja mmoja alijaribu kumwambia.

"Wanasema. Mtu akija na kalamu kuuliza, wanasema ndiyo, wasionekane wabaya. Pazia likifungwa ni jambo jingine. California, miaka ya themanini, meya mweusi aliongoza kwenye maoni yote, akitaka ugavana. Siku ya kura, akaanguka. Mchana mtu anakuchekea, kaka. Mchana hauna maana."

"Na Virginia?" Masika akauliza, vidole vikisuka bila yeye kuvitazama. "Si wewe uliyeniambia walishamchagua gavana mweusi?"

"Kwa kura chache kama nywele za mzee huyu." Mzee kwenye kiti akajipapasa kichwa. "Na walimpa mmoja. Mmoja ni bahati."

Masika alichoka. Si kwamba hakuelewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsafisha majeraha ya mgongoni. Alichoka kwa sababu kila alipotaja ndoa, aliletewa Alabama.

"Utakuja lini kwa baba mdogo, Hugues?"

"Mrundi, kinyozi, kiti cha plastiki. Baba yako mdogo ni Mississippi, mpenzi wangu. Atanipa chai, kisha atanipiga chini."

"Mississippi hiyo ndiyo iliyonilea tangu baba afariki. Uliwahi kumwomba kura akakunyima?"

"Kuna mambo hayaulizwi. Unayaona."

Aliyaona, akayaona, mpaka Septemba ikaingia na Masika akamwambia wazi kwamba Damien, muuza vitenge wa kwao Butembo, alikuwa ameshafika nyumbani mara mbili. Siku hiyo Hugues aliweka kalamu chini.

"Sikukuu ya taifa ya mwezi huu, wa kwetu watakuja," akasema. "Mwambie baba mdogo asiende kazini."

Masika hakuuliza ni nani hao wa kwao, na Hugues hakueleza. Mila ya mtu ni kama harufu ya nyumba yake. Mwenyewe haisikii, na wala hafikirii kwamba mgeni anaisikia.

Siku ya sikukuu mtaa mzima ulinuka nyama ya kuchoma. Masika alivaa kitenge cha zambarau alichoshonewa na baba mdogo mwenyewe, mikono mipana, mgongo wa wazi kidogo, wa heshima. Alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Baba mdogo Théodore, fundi cherehani wa katikati ya jiji, mtu wa maneno machache, alikaa kwenye kochi na futi yake ya kupimia shingoni, kwa maana hata sikukuu hakuivua. Mkewe, mama mdogo Jeannine, alichungulia dirishani mpaka pazia likalegea.

Akaja mzee mmoja. Mzee Astère, Mrundi mwenye koti la kijivu na fimbo, nyuma yake vijana wawili wamebeba kreti ya bia. Masika akatazama nyuma ya vijana. Hakukuwa na mtu mwingine.

Mzee aliketi, akasalimia, akazungumzia mvua, akazungumzia ng'ombe. Hatimaye akasema, "Tumepita nje ya ua huu, tukaona mtama uliokomaa vizuri. Tumekuja kuomba mbegu."

"Mbegu nimesikia," Théodore akasema. "Mkulima yuko wapi?"

"Yuko kwake, na heshima yake."

"Heshima yake ingevaa viatu ikaja."

Mzee Astère akatabasamu, akidhani ni utani wa mila. Kwao kijana hakanyagi nyumba ya mkwe kabla wazee hawajashika lango kwa kupeleka posa. Kwenda mwenyewe ni ufidhuli, ni kama kuingia jikoni mwa watu na kufunua sufuria. Kwao Théodore mambo yalikuwa kinyume. Mchumba huja na miguu yake, hutazamwa, huulizwa, hutokwa jasho. Jasho hilo ndilo mahari ya kwanza.

"Kwetu," Théodore akasema polepole, "mwanamume anayemtuma mwingine aseme neno lake, ana mke mahali fulani au ana aibu. Rudi na kreti yako, mzee wangu. Wewe sikukasirikii."

Sura ya mzee Astère ilijifunga. Kurudishiwa kinywaji, kwao, ni kupigwa kofi mbele za watu. Alisimama, vijana wakainua kreti, chupa zikalia njia nzima mpaka barabarani.

"Damien alikuja mwenyewe," Théodore alimwambia Masika. "Watu wake wanataka jibu. Nitawapa Jumapili ya kwanza baada ya hizo kura zenu za Marekani, maana kabla ya hapo hakuna mtu mtaa huu anayesikia jambo jingine."

Masika alipiga simu akiwa bado na kitenge mwilini.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ningekuwa wapi? Nilikuwa nangoja mzee arudi na jibu. Amerudi na bia yetu, Masika. Mzee wa watu amelia."

"Mimi nimepika tangu alfajiri. Nimevaa. Nimesimama mlangoni kama bendera. Kwa nini hukuja?"

"Kwetu hatuji."

"Kwa nini hukuniambia kwamba hamji?"

"Kwa nini wewe hukuniambia kwamba kwenu mchumba huja?"

Hugues akaongeza neno ambalo baadaye angelipa nywele zake zote ili alirudishe: "Na hata ningekuja, asingenipa. Nilikuambia mapema."

"Wewe," Masika akasema, "umehesabu kura kabla sanduku halijafunguliwa. Watu wa Alexandra walikuumiza, na mimi ndiye unayeniadhibu. Baki na ramani yako." Akakata.

Sasa fikiria watu wawili wasiosemezana, migongo yao imetazamana, ndani ya chumba kimoja cha kazi, tangu miti ya jacaranda ina vitumba mpaka ikamwaga maua ya zambarau barabara nzima. Walionana kwenye vioo tu.

"Zubeda, mwambie kinyozi wako asipeperushie nywele upande wangu."

"Dada Zubeda, mwambie msusi wako upepo sikuumba mimi."

"Mimi si posta," Zubeda aliwaambia. "Nina kodi ya kulipa. Mkitaka kugombana gombaneni wenyewe, wateja wamechoka kuwasikilizeni kupitia kwangu."

Siku mbili baada ya sikukuu ile, wagombea wote wawili walikuwa wamekutana kwenye mdahalo, na wa saluni walikuwa wameutazama kesho yake kwenye televisheni ya Zubeda. Masika alisikia mtangazaji akitaja mahali ulipofanyika. Alitaka kugeuka amwambie Hugues neno. Hasira ikamshika ulimi, akaendelea kusuka. Neno lile alilihifadhi.

Jumatano ya tarehe tano Novemba Zubeda alifungua kabla jua halijakolea. Watu walijaa mpaka nje: Wakongo, Warundi, Watanzania, na hata mama mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, Mzulu, aliyekuja na mandazi na kusema hataki kuhadithiwa. Hugues alisimama kwenye pembe yake na kalamu. Ohio ilikuwa imeshakwenda kwa Obama. Kisha wakatangaza Virginia, na mara baadaye wakatangaza lenyewe, kwamba amekwisha kushinda.

Kelele zilizotoka pale zilitikisa chupa za shampuu. Mama wa spaza alilia, Zubeda alilia, watu walikumbatiana bila kuuliza nchi. Hugues peke yake hakusogea. Alikuwa akiitazama ramani yake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli si yake.

Masika akasimama nyuma yake. Alimsemesha mwenyewe, bila Zubeda.

"Virginia uliichora nyeusi."

"Niliichora."

"Na Ohio."

"Na Ohio." Akagusa karatasi pale ilipotoboka. "Lakini Alabama haikumpa. Wala Georgia. Wala Mississippi. Hapo sikukosea, Masika."

"Hukukosea. Sasa nijibu. Ule mdahalo wao wa kwanza, mwezi wa tisa, walisimama wapi?"

Hugues akaifunika kalamu yake. Alijua. Alijua kila kitu kuhusu majimbo yale.

"Mississippi," akasema.

"Alijua hawatampa?"

"Kila mtu alijua."

"Na akaenda akasimama, wakamwona uso. Wewe, mheshimiwa wangu, Mississippi yako iko kituo kimoja cha teksi kutoka hapa, na ulimtuma mzee na kreti."

"Ile ni mila, Masika. Nakuapia."

"Mila yote?"

Hugues akatazama chini, kwenye nywele za wateja wa jana.

"Nusu mila," akasema. "Nusu woga. Nilipoona mila yetu inaniruhusu nisije, nilishukuru."

Hakungoja jibu. Alivua aproni, akanawa mikono kwa spiriti, akatoka. Masika alimtazama akikanyaga maua ya jacaranda, shati halijanyooshwa. Akasonya, akachukua mkoba, akamfuata, kwa maana hakutaka kuhadithiwa, kama mama wa spaza.

Karakana ya Théodore ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu la katikati ya jiji, chini ya kanisa ambalo asubuhi ile lilikuwa likiimba mpaka plasta inadondoka. Théodore alikuwa mezani, chaki mkononi. Hakuinua kichwa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba. Nimejituma. Naitwa Hugues. Nilipaswa kuja Septemba."

"Unatoka jasho."

"Ndiyo, baba."

"Vizuri." Théodore akachora mstari kwenye kitambaa. "Ulidhani nakukataa kwa sababu ya Urundi wako?"

Hugues akainamisha kichwa kukubali.

"Mke wangu alishakupa kura yake siku uliyombebea gunia la unga, hata hukumjua ni nani. Mimi sikukukataa. Sikukuona. Nililetewa karatasi ya kura haina picha, ningemtilia nani alama?" Akaweka chaki chini, na sasa akamtazama, juu mpaka chini, kama anayempima suti. "Yule mzee wako nilimkosea. Mila yake sikuijua, nikamrudishia bia. Mwambie arudi Jumapili. Na mbegu zake, na mtama wake, aseme kila kitu kwa utaratibu wao. Ila wewe utakaa pembeni yake, nikuone."

"Na Damien?" Masika akauliza kutoka mlangoni.

"Damien nitamwambia angoje. Sijasema ndiyo, nyote wawili. Mnanisikia? Sijasema ndiyo."

"Tumesikia, baba mdogo."

Ngazini Hugues aliegemea ukuta, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Hajasema ndiyo."

"Mississippi nayo haikusema. Na mtu amepita."

Akanyoosha mkono amshike. Masika akaurudisha mkoba wake begani, kati yao.

"Polepole. Nilisimama mlangoni kama bendera, Hugues. Majuma yote haya nimeongea na kisogo chako. Unadhani nimesahau kwa sababu Wamarekani wamefurahi?"

"Basi nipe hata jimbo moja."

"Asubuhi ulisikia. Kuna moja ambalo bado hawajalitangaza."

"North Carolina. Bado wanahesabu."

"Basi mimi ndiye North Carolina," Masika akasema, akatangulia kushuka.

Alhamisi alisuka vichwa vitatu na hakumsemesha isipokuwa kumwomba kitana. Hugues alinyoa, na kila habari ilipoanza redioni mashine yake ilizimika yenyewe. Ramani ilikuwa bado ukutani, na kwenye pwani ya mashariki palikuwa na kipande kimoja alichokuwa amekwangua wino wake kwa kisu, kikabaki na rangi ya karatasi.

Ijumaa asubuhi, mteja wa kwanza akiwa kitini, redio ya Zubeda ilisema kwamba North Carolina imekwisha kuhesabiwa, na kwamba imempa Obama, kwa tofauti ndogo sana.

Zubeda akapunguza sauti. Hugues hakugeuka, akamtazama Masika kwenye kioo. Masika alikuwa ameinama juu ya kichwa cha mteja, anafunga ncha ya rasta kwa maji ya moto, taratibu, kama hakuna kilichosemwa.

"Malkia wa Iowa," Hugues akasema kwa sauti ndogo. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Masika akakausha ncha kwa taulo. Ndipo akainua macho.

"Kwamba Jumapili utavaa lile shati jeupe," akasema. "Na ulete shingo hapa, niinyoe."